Majina yanayoisha na -ate: yanafanya nini kwenye ngozi zetu na za watoto wetu?



Wiki mbili zilizopita, mkutano ulipoisha, mama mmoja alinivuta pembeni. Alikuwa na mtoto mgongoni, na katika mfuko wa plastiki alikuwa amebeba vitu viwili: chupa ya losio ya mtoto, na tyubu ndogo ya krema iliyokuwa imepoteza kartoni yake. Akaniambia: "Mwalimu, wewe umesoma. Jirani yangu anasema losio hii imejaa dawa za kiwanda, na kwamba kila jina linaloisha na -ate ni sumu. Niitupe? Na hii ya pili je? Hii nayo ina -ate, lakini ndiyo inayomponyesha mtoto haraka."

Nilivaa miwani, nikasoma. Kwenye chupa kulikuwa na isopropili miristati. Kwenye tyubu kulikuwa na klobetasoli propionati, asilimia 0.05. Jirani alikuwa amekosea kuhusu chupa, na yule mama alikuwa amekosea kuhusu tyubu. Nilimjibu pale pale, lakini watu walikuwa wanatoka, mtoto alikuwa analia, na jibu langu lilikuwa fupi kuliko swali. Tangu siku ile sikutulia. Leo nalijibu vizuri.

Majina haya ninayaandika hapa namna tunavyoyatamka. Kwenye etiketi mtayakuta kwa maandishi ya kigeni, na mwisho wake mtaona herufi hizo tatu: a, t, e.

Tuanze na sufuria ya sabuni

Wengi wenu mmepika sabuni. Mnachukua mafuta ya mawese, mnaandaa maji ya soda kostike, mnamimina polepole, mnakoroga hadi mkono unachoka, na kesho yake mnakata vipande. Mnajua kwamba mawese yanaingia mekundu na yenye kuteleza, na kinachotoka ni kitu kigumu chenye povu. Lakini katikati pametokea nini?

Chembe moja ya mafuta, ndogo isiyoonekana kwa macho, imeumbwa hivi: kuna mti mfupi unaoitwa glicerini, na juu yake zimefungwa kamba tatu ndefu. Kamba hizo ndizo asidi za mafuta. Mahali kamba inaposhikana na glicerini ndipo penye fundo, na fundo hilo wanakemia wanaliita esteri. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1848. Kabla yake, mwaka 1823, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya mafuta ya wanyama, akionyesha kwamba ndani yake mna glicerini na asidi. (Mzee huyo aliishi miaka 102. Wanafunzi wangu hukumbuka hilo zaidi kuliko kemia yake.)

Soda kostike inakata mafundo. Kamba zinabaki peke yake, zinashikana na soda, zinakuwa sabuni. Glicerini inabaki huru humo humo. Kwa hiyo kila mama aliyepika sabuni ameshafungua mabilioni ya esteri bila kuziita kwa jina.

Kiwanda cha krema kinafanya kinyume. Kinachukua kamba moja iliyokwisha kufunguliwa, kinaifunga tena, lakini siyo kwenye glicerini. Kinaifunga kwenye alkoli nyingine. Msishtuke na neno hilo. Kwa mwanakemia alkoli siyo pombe peke yake, ni ukoo mzima: glicerini ni ndugu katika ukoo huo, na ile isopropanoli wanayopaka hospitalini kabla ya sindano ni ndugu mwingine. Asidi ya mafuta na alkoli vinachemshwa pamoja, kunawekwa asidi kali kidogo ya kuharakisha kazi, na kila fundo linapofungwa linatoa tone la maji. Emil Fischer na Arthur Speier waliieleza njia hiyo mwaka 1895, na mpaka leo wanafunzi wa kemia wanaijifunza kwa majina yao. Maji lazima yaondolewe, kwani yakibaki, mafundo yanafunguka tena. Kinachopatikana ni mafuta mapya ambayo mti wowote hautoi kwa wingi namna hiyo. Ndiyo maana yanaitwa esteri za kutengenezwa.

Chukueni isopropili miristati ya chupa ile. Upande mmoja ni asidi miristiki, kamba yenye kaboni 14. Inapatikana ndani ya mafuta ya mise, yale meupe yanayotoka ndani ya kokwa ya ngazi, kwa kadiri ya asilimia 16. Upande wa pili ni isopropanoli, alkoli fupi yenye kaboni 3 tu, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye petroli. Mzazi mmoja ni mchikichi, mwingine ni kisima cha petroli. Mtoto wao ni mafuta mepesi kama maji, hayana rangi, wala hayanuki.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linanigusa. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alianzisha hapa kwetu kampuni ya kukamua mawese kwa ajili ya sabuni zake. Mji wa Lusanga zamani uliitwa Leverville kwa jina lake. Ngazi zilikatwa na baba zetu, mafuta yakapanda meli, yakarudi kama sabuni tuliyouziwa. Leo mawese mengi ya dunia yanatoka Indonesia na Malaysia. Sisi wenye michikichi tunanunua krema kutoka nje, tunashindwa hata kusoma kilichoandikwa mgongoni mwake.

Ngozi ni ukuta wa matofali

Nani katika mtaa wetu hajaona ukuta wa matofali ya kuchoma ambao mvua imekula udongo wa katikati? Matofali yenyewe bado ni mazima, lakini upepo unapita, na pembe za tofali zimeanza kumomonyoka.

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi imejengwa hivyo. Matofali ni seli zilizokufa, bapa, zimepangwa safu kwa safu. Kati ya safu na safu kuna mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Unene wa ukuta huo wote, sehemu nyingi za mwili, ni kama milimita 0.01 hadi 0.02. Karatasi ya daftari ni nene kuliko hapo mara kadhaa! Ndicho kitu pekee kinachozuia maji ya mwili yasitoke nje na uchafu usiingie ndani.

Hapa Lubumbashi, toka Mei mpaka Septemba, hewa ni kavu, asubuhi ni baridi, vumbi liko kila mahali. Maji yanatoka kwenye ngozi haraka kuliko yanavyofika kutoka ndani. Sabuni ya kufulia tunayoogeshea watoto inaondoa hata yale mafuta ya katikati ya matofali. Pembe za seli zinanyanyuka. Hapo ndipo unaona miguu ya mtoto imekuwa myeupe kama imepakwa majivu, anajikuna, na usiku halali.

Esteri ya kwenye losio inafanya kazi mbili. Kwanza inaingia kwenye nyufa na kuzilaza zile pembe zilizonyanyuka. Ngozi inakuwa laini hapo hapo, rangi yake inarudi, kwa sababu mwanga hautawanyiki tena ovyo juu ya magamba. Pili, inaacha utando mwembamba unaopunguza kasi ya maji kutoka. Haileti maji. Maji yanatoka ndani ya mwili wenyewe, au yale uliyomwogeshea mtoto dakika tatu zilizopita. Kwa hiyo mafuta yoyote, ya bei yoyote, hufanya kazi vizuri zaidi ukiyapaka mtoto akiwa bado na unyevu kidogo, kabla hajakauka kabisa. Jambo hilo halikugharimu hata franka moja.

Kwa nini kiwanda hakitumii mawese tu?

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Weka tone la vaselini juu ya kiganja cha nyuma, upande wa kushoto. Upande wa kulia weka tone la losio nyepesi. Subiri bila kusugua. Vaselini inakaa palepale ulipoiweka. Losio inatembea yenyewe. Ukisugua, vaselini inang'aa na kunata, vumbi linashika. Losio baada ya dakika chache huioni tena.

Tofauti iko katika umbo la chembe. Esteri fupi na nyembamba kama isopropili miristati hazishikani sana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zinasambaa haraka. Esteri ndefu, kwa mfano setili palmitati, ambayo ni asidi ya mawese iliyofungwa kwenye alkoli yenye kaboni 16, ni ngumu kama nta. Inakaa, inalinda, lakini haitembei. Nyingine zina matawi, na hizo hubaki majimaji hata asubuhi ya baridi ya Julai, wakati mawese kwenye chupa yameganda. Mtengenezaji mzuri anachanganya: moja ya kukimbia ukiifungua chupa, moja ya kufuata, moja ya kubaki hadi jioni. Ni kama mboga: chumvi peke yake haitoshi, na nyanya peke yake haitoshi.

Tena kuna suala la kuoza. Mafuta ya karanga na mawese yana sehemu ambazo hewa inazishambulia. Baada ya muda yananuka uchungu. Esteri nyingi za kutengenezwa hazina sehemu hizo, kwa hiyo zinakaa muda mrefu bila kuharibika. Na mawese, jamani, mnajua yanavyofanya kwenye shati jeupe la shule.

Esteri moja ninayoipenda kuwaeleza wanafunzi ilitokana na bata. Bata akitoka majini unaona maji yanateremka mgongoni kama shanga, na chini yake manyoya ni makavu. Karibu na mkia ana tezi ya mafuta. Anachovya mdomo, anajipaka mwili mzima. Wanakemia walichunguza mafuta hayo, wakakuta ni esteri zenye matawi, wakatengeneza zinazofanana nayo. Ziko leo kwenye krema nyingi. Kwa hiyo mtu akikuambia "ya kutengenezwa" kana kwamba ni tusi, mwambie kwamba bata naye ana kiwanda.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba esteri zinashinda kila kitu. Katika kuzuia maji yasitoke, vaselini ya kawaida, ile ambayo Robert Chesebrough aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1872 huko Marekani, bado inazishinda esteri zote hizi. Inanata, inashika vumbi, lakini kwa visigino vilivyopasuka na midomo ya mtoto siku ya upepo mimi sioni sababu ya kununua kitu cha bei kubwa. Esteri zinakupa wepesi na raha ya kupaka. Raha hiyo siyo upuuzi: mafuta ambayo mtoto anayakimbia hayamfai kitu.

Na kwenye uso kuna shida nyingine. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa ngozi wamekuwa wakisema kwamba isopropili miristati na ndugu zake wanaofanana nayo wanaweza kuziba vitundu vya ngozi na kuleta chunusi. Majaribio mengi ya zamani yalifanywa kwenye masikio ya sungura, na sikio la sungura linaziba kwa urahisi kuliko uso wa mtu. Lakini kama binti yako ana chunusi na anapaka losio ya mwili usoni, mwambie aache kwa wiki kadhaa, aangalie.

Mlango uliofunguka

Sasa nafika kwenye tyubu ya pili.

Nimesema esteri nyepesi inaingia kati ya matofali. Inapoingia, inalegeza kidogo yale mafuta ya katikati. Kwa losio ya kawaida hilo halina ubaya, ngozi inajirekebisha. Watengenezaji wa dawa wanalitumia kwa makusudi: isopropili miristati imewekwa ndani ya jeli za homoni zinazopakwa kwenye ngozi, ili homoni ipite ifike kwenye damu. Yaani esteri ni kama mtu anayefungua mlango. Hana ubaya yeye. Lakini swali ni nani amesimama nyuma yake anayesubiri kuingia.

Na klobetasoli? Hiyo ni kotikoidi, dawa kali sana ya kupunguza uvimbe na mwasho, katika kundi lenye nguvu kuliko yote ya krema za aina hiyo. Wanakemia waliifunga kwa asidi propioniki, wakapata esteri, ili ipite kwenye mafuta ya ngozi kwa urahisi zaidi. Ni ufundi ule ule wa fundo. Ndiyo maana nayo inaisha na -ate, na ndugu yake betametazoni dipropionati vilevile. Herufi tatu za mwisho zinakuambia tu kwamba mara nyingi kuna fundo. Hazikuambii kilichofungwa ni nini. Lazima usome neno lote.

Kwenye tyubu zilizoandikwa Kifaransa, mpangilio hugeuka: propionati inatangulia, klobetasoli inafuata. Msipotee hapo.

Nawasimulia jambo la nyumbani kwetu, na mdogo wangu ameniruhusu. Miaka michache iliyopita alikuwa anajiandaa kuolewa. Muuzaji mmoja sokoni, ambaye sitamtaja, alimchanganyia kwenye kikopo losio kubwa, tyubu tatu, na kitu kingine cha maji kutoka chupa isiyo na jina. Alimwambia: "Siku ya harusi utang'aa." Kweli, baada ya wiki tatu alikuwa amekuwa mweupe, uso laini kabisa, na sisi wote, hata mimi mwalimu wa sayansi, tulimsifu. Naandika hili nikiona haya. Aliendelea baada ya harusi. Miezi ilipopita, ndani ya mapaja na kwenye mikono ikatokea mistari mipana kama ya mimba, naye hakuwa na mimba. Mishipa midogo ikaonekana mashavuni. Alipojaribu kuacha kwa ghafla, uso uliwaka moto, ukawa mwekundu, ukajaa vipele, akarudia kikopo ili apate nafuu. Daktari alipoomba kuona alichokuwa anapaka, tulimpelekea kikopo cha plastiki kisicho na herufi hata moja.

Mistari ile haikuondoka. Ngozi iliyokonda kwa dawa hizo inapona vidonda polepole, na dawa ikipakwa sehemu kubwa kwa muda mrefu inaingia mwilini na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni ambayo mtu anaihitaji anapougua. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi: mwili wake ni mdogo, ngozi yake kwa uzito wake ni nyingi, na nepi inafunika dawa na kuisukuma ndani. Kuna watoto walioandikwa katika majarida ya madaktari ambao walivimba uso na kuacha kukua vizuri kwa sababu ya krema ya klobetasoli kwenye matako. Ndiyo, inaponyesha wekundu haraka. Inazima moto na kubomoa ukuta kwa wakati mmoja.

Ongezeni kwenye kikopo cha namna hiyo hidrokinoni, au zebaki ambayo mkataba wa Minamata umeikataza katika vipodozi kuanzia mwaka 2020, na esteri nyepesi zinazofungua mlango. Mnaelewa kwa nini mchanganyiko wa sokoni unafanya kazi upesi.

Kusoma etiketi

Majina kwenye etiketi ya kipodozi cha kawaida yamepangwa kwa wingi. La kwanza ndilo lililo nyingi, mara nyingi ni maji, na huandikwa aqua. Yaliyo mwishoni ni machache sana, mara nyingi manukato na vya kuzuia kuoza. Kwa hiyo chupa iliyochorwa nazi kubwa mbele, na nazi yenyewe ikaandikwa karibu na mwisho, inawauzia picha.

Jina linaloanza na sodiamu na kuisha na -ate siyo mafuta ya kulainisha. Mara nyingi ni chumvi au kitu cha kuleta povu. Gliserili stearati ni esteri inayoshikanisha maji na mafuta ili losio isijitenge. Parabeni nazo ni esteri, kazi yao ni kuzuia ukungu. Kapriliki-kapriki trigliseridi ni kamba fupi za mise zilizofunguliwa, zikachaguliwa, zikafungwa tena kwenye glicerini. Ni pole, haziozi upesi, na ngozi nyororo huzivumilia vizuri. Hizo nikiziona kwenye losio ya mtoto sina wasiwasi.

Kuna moja ambayo mnaijua bila kujua ukoo wake: benzili benzoati, losio ile ya upele inayowasha. Nayo ni esteri, na iko katika orodha ya dawa muhimu ya OMS. Hailainishi, inaua wadudu wa upele. Kwa watoto inapunguzwa nguvu kwanza, kwa hiyo msipake bila kumwuliza muuguzi.

Kuhusu watoto wachanga: katika maelekezo yake ya mwaka 2022, OMS haipendekezi kumpaka mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati mafuta kila siku kwa lengo la kuzuia magonjwa ya ngozi. Ngozi yake inajijenga yenyewe. Waliozaliwa kabla ya siku zao ni habari nyingine. Katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, watoto wa namna hiyo walipakwa mafuta ya alizeti, na maambukizi yakapungua kwa asilimia 41. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Lakini hayo yalifanywa na wauguzi waliofundishwa. Mafuta ya zeituni, ambayo wengine wanayatafuta kwa bei kali, yana asidi oleiki nyingi inayoweza kudhoofisha ukuta wa ngozi changa. Kama una mtoto wa namna hiyo nyumbani, uliza kituo cha afya kabla ya kufungua chupa yoyote.

Mambo matatu ya haraka

La kwanza ni moto, na hili watu wengi hawalijui. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba mafuta yote ya kulainisha ngozi, ya petroli au ya namna nyingine, yakiingia kwenye nguo na mashuka na kukauka humo, kitambaa kinashika moto kwa urahisi na kuwaka kwa kasi. Kufua kunapunguza, hakumalizi. Sisi tunapikia mbabula, na umeme ukikatika tunawasha buji karibu na kitanda. Mtoto aliyepakwa mafuta mengi na kufunikwa kitenge kile kile kila usiku asilazwe karibu na mbabula.

La pili: mafuta na esteri hizi zinadhoofisha kondomu za mpira. Wanaohusika wameelewa.

La tatu linahusu kikundi chetu cha akiba, kwa sababu wengine mmeniuliza kama tunaweza kutengeneza losio wenyewe tuuze. Nilijaribu jikoni kwangu, mwaka jana. Nilichanganya mafuta ya mise, maji yaliyochemshwa na kipande cha sabuni kama kishikizi. Ilionekana nzuri, nyeupe, nikajisifu, nikawapa walimu wenzangu wawili. Siku ya kumi na mbili kulikuwa na ukungu wa kijani pembeni mwa kikopo. Esteri, iwe ya mise au ya kiwanda, haizuii vijidudu vinavyoota ndani ya maji. Maji yakiingia, lazima kuwe na dawa ya kuzuia kuoza iliyopimwa kwa mizani sahihi, na sisi mizani hiyo hatuna. Nilizunguka kuchukua vikopo vyangu na kuomba msamaha. Kitu ambacho tunaweza kufanya bila hatari hiyo ni mafuta yasiyo na maji kabisa: mise na nta ya nyuki, vikayeyushwa pamoja, vikawekwa kwenye vikopo vilivyokauka vizuri. Wiki ijayo mhasibu wetu anisaidie kupiga bei ya nta.

Yule mama alirudi nyumbani na chupa yake ya losio. Tyubu hakuitupa, nilimwomba asiache kwa ghafla wala asiendelee peke yake, kwa sababu alikuwa ameipaka karibu miezi miwili. Siku iliyofuata tulikwenda pamoja kituo cha afya, tyubu mkononi. Muuguzi aliandika jina lote kwenye fishi ya mtoto, akampa utaratibu wa kupunguza, na siku ya kurudi.

Alhamisi kwenye mkutano, kila mmoja alete kikopo au tyubu moja anayotumia nyumbani, hata kama kartoni imepotea. Wasiojua kusoma wakae karibu na wanaojua. Mimi nitaleta ubao na miwani yangu.

Mwalimu wenu